Kumi Hadi Moja: Kusaka Visanduku vya Marehemu Wetu Matongo

Mei 3, 2000, mkazi mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Dave Ulmer alibeba ndoo, akaifukia nusu porini karibu na Beavercreek, kisha akatangaza kwenye intaneti namba za GPS za mahali hapo. Ndani alitia vitabu, programu ya kompyuta, pesa kidogo, manati na kopo la maharage. Siku chache baadaye watu walikuwa wameshaifikia. Masharti yalikuwa mepesi: chukua kitu, acha kitu, andika jina daftarini.

Mchezo huo, jiokashi, leo una visanduku zaidi ya milioni tatu duniani. Ughaibuni ziko familia zinazopanga mlolongo mzima kwenye njia za mashambani kuwakumbuka ndugu waliotangulia: kimoja cha babu, kimoja cha shangazi, na mtoto anatembea akisaka huku anafundishwa ukoo bila kukalishwa kitako na kuambiwa "sikiliza".

Sasa mura, niambie kama kuna mahali pazuri pa kuucheza mchezo huu kuliko Matongo. Kata iko Tarime, eneo la Nyamongo. Ukiteremka kusini unaukuta Mto Mara, ukivuka uko wilaya ya Serengeti. Marehemu tunao, watoto tunao, vichochoro tunavyo. Kila Desemba nusu ya ukoo inarudi kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi na simu zenye GPS ambazo kazi yake kubwa ni kupiga picha nyama. Hii hapa orodha yangu ya visanduku kumi, kutoka chepesi hadi kizito. Majina mtaweka ya kwenu. Mimi nikiandika "Chacha" tu, nusu ya wilaya itanidai fidia.

10. Kisanduku cha baba mdogo asiyepotea

Kila ukoo unaye mmoja. Ulipomuuliza njia, hakuinua hata kidole. Alichomoza mdomo kuelekea upande fulani wa dunia na kusema "ni hapo tu", ukatembea hadi viatu vikaomba talaka. Kisanduku chake kikae njia panda, wanapoegesha bodaboda, na namba zake ziwe kamili, ili marehemu alipe deni.

Tusimlaumu sana. Kabla ya Mei 2000 hata setilaiti zilikuwa zinasema "ni hapo tu". Serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS waliyopokea raia, na kosa liliweza kufika mita mia. Mei 1 Rais Bill Clinton akatangaza kwamba uvurugaji huo unakoma. Siku mbili baadaye Ulmer akaficha ndoo yake. Simu ya leo, penye anga wazi, hukosea mita chache. Na wale binamu wa mjini wasiwadanganye watoto: GPS haili bando. Simu inapokea tu kutoka angani. Ramani unaipakua kabla hujaondoka, bando unalibakiza la kumtumia shemeji picha.

9. Kisanduku cha shangazi

Karibu na duka, ili awaone wote wanaopita. Ndani weka daftari la madeni, maana hilo ndilo alilolijua kwa moyo kuliko nyimbo za kanisani. Wachezaji wa jiokashi hupima kila kisanduku kwa ugumu wa kukipata na ugumu wa njia, kila kimoja kuanzia 1 hadi 5. Hiki nakipa: kukipata 1, njia 1, maswali ya "unaoa lini" 5.

8. Kisanduku cha mjomba wa kilabuni

Hapa sheria za mchezo zinatubana: pombe marufuku, chakula marufuku, visu marufuku. Chakula huita siafu na nyani, pombe huita mjomba mwingine. (Ndiyo, Ulmer aliweka maharage. Mwanzilishi wa kitu chochote huruhusiwa kuvunja sheria zinazokuja baada yake. Waulizeni wenyeviti wa vikundi vya kukopeshana.) Basi weka mrija, ule mrefu ambao wazee walinywea pombe ya mtama wakiwa wameuzunguka mtungi. Mtoto atauliza ni wa nini. Mwambie ni wa kunywea uji, akue kwanza.

7. Kisanduku cha mahame

Hapa tupunguze mwendo, kwa sababu hapa ndipo watoto wa mjini wanapopigwa chenga. Utawaleta kwenye kichaka, namba za GPS zinalingana, na watakuambia hapa hakuna kitu. Kipo. Angalia ule mstari wa minyaa iliyonyooka kama nyuzi. Minyaa haijipangi yenyewe, huo ulikuwa uzio. Angalia duara la majani yanayobaki mabichi kiangazi kinapochoma kila kitu. Hapo palikuwa zizi, na samadi ya ng'ombe wa babu bado inafanya kazi bila mshahara. Fumua nyasi utakuta mafiga, vigae vya chungu, pengine msingi wa mawe. Fundi wa kusoma ardhi akikaa hapo nusu saa atakuambia mlango ulitazama wapi na mke mkubwa alilala upande gani. Huyo wa pili anaweza kuwa anakisia, lakini anakisia kwa heshima.

Mahame mengi ya namna hii yalitokana na Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu walipohamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vya kupimwa. Mengine ni ya zamani zaidi: vita, ukame, ndorobo, magonjwa ya mifugo, ugomvi wa ndugu wawili na ng'ombe mmoja. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, alitembea na wazee wa Kinata, Kiikoma, Kiishenyi na Kingoreme upande wa Serengeti, wakamwonyesha mahame na mahali pa mizimu ambapo mgeni angeona nyasi na swala tu. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, *Imagining Serengeti*, kilitoka mwaka 2007. Wazee wale hawakuwa na GPS. Walikuwa na mti, jiwe, mkondo na jina, na walifika.

Ukitaka kuona uzio wa mawe uliokubali kusimama, vuka mpaka uende Thimlich Ohinga kule Migori, Kenya. UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wa kwetu mwingi uliandikwa katika misingi ya nyumba za majirani, waliobeba mawe usiku.

Ugumu wa kukipata: 5. Ugumu wa njia: 3, ikiwa umevaa suruali ndefu. Kaptula ni 5, na usinilaumu kwa upupu. Na mtoto asivunje tawi la mnyaa kulichezea: maziwa yake yakiingia jichoni, siku yenu imekwisha.

6. Kisanduku cha bibi wa jiwe la kusagia

Kiweke kando ya jiwe lenyewe kama bado lipo, usilisogeze. Toa changamoto: mtoto asage ulezi wa kiganja kimoja. Dakika mbili atauliza swichi iko wapi.

Tusimame kivulini kidogo, kabla hujaficha chochote

Nyamongo si Oregon. Huku mtu akionekana anachimbachimba chini ya mti, hakuna atakayedhani anamkumbuka bibi yake. Kufikia jioni patakuwa na vijana kumi, sululu tatu na detekta ya kukodi, na asubuhi mti hauko. Kwa hiyo usifukie. Mchezo wenyewe unakataza kuchimba. Tumia kopo la plastiki linaloonyesha vilivyomo, lenye mfuniko wa kubana, bandika karatasi inayosema ni kitu gani na ni cha ukoo gani. Mwambie mwenye shamba. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Waone wazee wa mila kabla hujagusa mahali pa mizimu, kwa sababu kuna vichaka ambavyo havitaki kopo la plastiki hata kama limeoshwa. Juu ya kaburi usiweke kitu. Ndani ya uzio wa mgodi usisogee. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti usifiche hata pini bila ruhusa. Askari wa hifadhi hawana utani wa ukoo na wewe.

Na visanduku viachane. Kanuni ya jiokashi ni mita 161 kutoka kimoja hadi kingine. Ni kanuni nzuri pia kwa wake wa ndugu wanaojenga uwanja mmoja.

5. Kisanduku cha mzee wa Burma

Askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944 na 1945 chini ya Waingereza, na Mara ilitoa vijana wake kama ilivyokuja kuwatoa tena katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Kama ukoo wenu ulikuwa na mzee wa Burma, mnajua kwamba alikuwa na kisa kimoja tu, na kila mwaka Wajapani ndani yake walizidi kuwa wengi. Kisanduku kiwe na kifungo cha koti, picha, au hiyo hadithi imeandikwa kwa toleo lake la mwisho, lenye Wajapani wengi kuliko yote.

Mwenye gari aongeze safari: Butiama haiko mbali sana kwa siku moja. Huko ndiko alikozaliwa Jenerali David Musuguri, aliyejiunga na jeshi la mkoloni akiwa kijana, akaongoza Divisheni ya 20 dhidi ya Idi Amin, akafariki Oktoba 2024 akiwa ameivuka miaka mia. Huko pia ndiko kuliko na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, nyumbani kwa wazazi wake, msitu wa Muhunda ukiwa jirani. Watoto wa shule wanateremka na madaftari, wanaonyeshwa kaburi, nyumba, mawe aliyopenda kukaa, na wanaondoka wakijua kwamba Baba wa Taifa naye alikuwa na shangazi. Kwangu hiyo ndiyo njia ya kumbukumbu ya familia iliyo bora mkoani, na hakuna aliyehitaji kuificha.

4. Kisanduku cha mpiga litungu

Litungu lina nyuzi nane na mpigaji wake ana maneno elfu, mengi yakiwa yanakuhusu wewe na nyumba yako. Usiweke litungu porini, litaondoka na miguu ya watu. Weka memori kadi yenye sauti ya marehemu, kama kuna aliyemrekodi. Kama hakuna, mtafute aliyemsikia na umrekodi yeye akiimba vibaya. Matusi yaliyo ndani ya nyimbo msiyakate. Watoto hawatayaelewa, na wakiyaelewa, basi hawakuwa watoto.

3. Kisanduku cha waliovuka mto

Mto Mara unaanzia misitu ya Mau nchini Kenya, unakatiza Maasai Mara na kaskazini ya Serengeti, unapita kusini yetu na kumwagika Ziwa Victoria baada ya kilomita zinazokaribia 400. Watalii hulipa fedha nyingi kuona nyumbu wakiuvuka. Bibi yako aliuvuka bure, akiwa na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, kwenda kwa wakwe Ungoreme, na hakuna aliyempiga picha.

Sasa nisikilizeni wazazi. Kisanduku hiki kisikae kando ya maji. Mamba wa Mto Mara hawana daftari la kusaini. Kiboko naye jioni hupanda kula majani na hapendi kukuta familia imesimama kati yake na mto. Kiweke juu, karibu na barabara ya Tarime kwenda Mugumu, mahali ambapo mto unaonekana na hauwezi kukuona. Mkivuka, vukeni darajani kwa gari, mchana, na kisanduku pacha kikae upande wa Serengeti kwa ndugu wa huko. Angalizo kwa mabwana: njia isipite nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Heshima ya Mkurya na mama mkwe wake haina kitufe cha kuzima, na GPS haijui kukwepa.

Kwa kuwa tumefika Serengeti, nitaje na mgeni mmoja. Mbali huko kusini-mashariki, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kuna mnara wa mawe wa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard. Baba alifariki mwaka 1987, na mabaki yake yakaletwa kulazwa hapo hapo na mwanawe. Watalii wanashangaa: kutoka Ujerumani kote huko? Mkurya hashangai hata kidogo. Anauliza tu ni nani aliyegharamia usafiri.

2. Kisanduku cha bibi aliyeoa

Mtafiti kutoka mjini akifika Tarime na fomu yake, hukwama kwenye mstari wa "jina la baba". Katika nyumba ntobhu, mwanamke, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, wabebe jina, warithi shamba. Si mahusiano ya kimapenzi. Ni nyumba inayokataa kuzimwa. Mtafiti anauliza: sasa mume ni nani? Bibi anamtazama kuanzia viatu hadi miwani na kumuuliza kama yeye amekuja na ng'ombe wangapi.

Desturi hii ina watetezi na ina wakosoaji, na wakosoaji wana hoja, hasa pale bi harusi anapokuwa binti mdogo ambaye hakuulizwa. Hilo lisemwe mbele ya kisanduku bila kung'ata maneno. Kumbukumbu si mahubiri ya mazishi ambapo kila marehemu alikuwa malaika. Lakini mtoto aliyetoka nyumba ya namna hiyo, naye anapochora mti wa ukoo shuleni, anastahili kujua kwamba tawi lake halikuvunjika. Kwa hiyo daftari la kisanduku hiki liwe na mistari mipana. Aliyezaa aandikwe, aliyeoa aandikwe, na ng'ombe nao wahesabiwe, maana kuna shemeji anayedai bado mmoja.

Ugumu wa kukipata: 2. Ugumu wa kukieleza Dar es Salaam: 5.

1. Kisanduku kisicho na kisanduku

Machimbo makubwa ya North Mara yalianza kutoa dhahabu mwaka 2002. Mashimo ya Nyabirama na Gokona hayakuchimbwa mwezini. Yamechimbwa mahali penye majina, mahali ambapo watu walilima, walichunga, waliozesha na kuzika. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi tangu mwaka 1969: ardhi ikichukuliwa, mabaki huchimbuliwa na kuzikwa kwingine, na familia hulipwa gharama kwa taratibu zilizopo. Kaburi basi linahama. Zizi halihami. Mti wa kikao cha wazee hauhami, na kile kilima alichosimama babu kuita ng'ombe kimesagwa, kimeoshwa na kupanda ndege kwenda kuwa pete ya mtu.

Lakini namba hazichimbiki. Matongo iko takriban digrii moja na nusu kusini ya ikweta, na digrii 34 na nusu mashariki; ongeza tarakimu za desimali hadi ufike mlangoni kwa babu, na hapo ndipo alipokuwa na hapo ndipo atakapokuwa, hata kama leo mlango huo ni hewa iliyo juu ya shimo. Wachezaji wa jiokashi wana aina ya kisanduku kisicho na kopo: unafika, unatazama, unajibu swali. Cha kwanza chetu kiwe hicho. Simama nje ya uzio, mahali halali, mtoto ashike simu imwonyeshe umbali na mwelekeo: hapo mbele, mita kadhaa, palikuwa kwetu.

Namba hizo zinapatikanaje kama nyumba haipo? Kwa mzee na picha ya zamani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na picha za mfululizo wake ziko wazi kwa yeyote bila malipo tangu 2008. Nyumba hutaiona, zile za mwanzo zimefifia mno, lakini mito, vilima na misitu vinasomeka. Ziko pia ramani za serikali za skeli ya 1:50,000, zilizochorwa kabla ya mgodi, zenye vijito na njia za miguu. Mketishe mzee, mwonyeshe kona ya Mto Tigithe, kisha unyamaze. Ataanza kukosoa ramani. Atasema aliyeichora alikuwa mlevi. Ataweka kidole, atakiondoa, atamwita mwenzake wagombane, na katika ugomvi huo utapata mahali penyewe kwa usahihi ambao hakuna setilaiti itakayokupa. Fanyeni haraka kuwaita wote wawili. Mzee mmoja akibaki peke yake hapingwi na mtu, na ramani inaharibika.

Namba zikipatikana, ziandikwe kwa kalamu ya wino daftarini, nakala tatu, katika nyumba tatu tofauti. Simu huibwa, memori kadi huliwa na mchwa wa bahati mbaya, na binamu wa IT huoa akahamia Kanada. Desemba inakuja: panga njia fupi, mtoto wa miaka sita aimalize kabla ya supu. Na yeyote aliye na picha ya Nyabirama ya kabla ya mwaka 2002, hata moja, hata ile ambayo shangazi amefumba macho, ailete kwa wazee wa ukoo wake ikanakiliwe.